Kwenye Kompyuta Inacheza, Kwengine Imegoma: Kutibu Filamu ya Katuni Wakati wa Kuitoa

"Ami, filamu imegoma."

Ndivyo alivyoingia mlangoni kijana mmoja mchora katuni, flashi mkononi, bado anahema kwa kuja kwa miguu kutoka Shela. Katuni yake ni ya dakika tatu: nahodha mzee, punda mkaidi asiyetaka kupanda chombo, na jahazi linalovuka kutoka Mokowe likiwa limesheheni. Kwenye laptopu yake inacheza bila tatizo. Akiituma kwa simu ya dada yake, haifunguki. Akiiweka kwenye tovuti, kiduara kinazunguka mpaka mtazamaji achoke. Akiichomeka kwenye TV ya mkahawa, sauti ya nahodha inasikika lakini skrini ni nyeusi tititi. Alikuwa ameshaitoa, yaani kuigeuza kutoka mradi wa kuchora kuwa faili la video, mara saba, kila mara akibadilisha kitu kwa kubahatisha, na folda yake imejaa "mwisho", "mwisho2", "mwisho_kabisa" na "mwisho_wallahi".

Nilimuuliza swali moja kabla ya kufungua laptopu: "Nani ataitazama, na kwa chombo gani?" Akanikodolea macho. Alitaka faili moja liende kila mahali. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, na ndipo unapoanzia kwa wengi wanaopita hapa Langoni, Lamu. Faili la simu, la tovuti, la TV na la projekta haliwezi kuwa moja, kama kanzu ya baba isivyomkaa mwanawe. Unakuwa na jora moja, yaani nakala mama, kisha kila mtu anakatiwa yake.

Haya yafuatayo nimeyapanga kwa dalili, jinsi watu wanavyoniletea.

Kwanza, pameharibika wapi?

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fungua nakala mama. Hiyo ni ile iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea, iwe Blender, Krita, OpenToonz au nyingine, kabla ya kubanwa kwa ajili ya mtu yeyote. Itazame kwa VLC, programu ya kuchezesha video. Kama kasoro imo humo, usihangaike na mipangilio ya kutoa. Rudi kwenye mradi wenyewe. Kama nakala mama ni safi na kasoro imo kwenye MP4, faili la video unalowapa watu, basi kosa limefanyika wakati wa kubana. Na kama MP4 ni safi kwako lakini imeharibika ilipofika kwa mtu, kosa liko njiani: ama programu ya kutuma ujumbe imeibana tena, ama chombo cha huyo mtu hakiwezi kusoma ulichompa.

Kijana wetu hakuwa na nakala mama. Alikuwa akichukua MP4 ya jana na kuibana kuwa MP4 ya leo, kisha ya leo kuwa ya kesho. Kila mbano unapoteza kitu, na kilichopotea hakirudi hata ukiongeza ukubwa wa faili. Ni majani ya chai yaliyotiwa maji mara ya tatu: rangi ipo, ladha hamna.

Ukiwa ndani ya VLC bonyeza Ctrl na J. Dirisha litakalofunguka linakuonyesha kodeki ya picha (yaani mbinu iliyotumika kuibana), ukubwa wake kwa pikseli, idadi ya fremu kwa sekunde na aina ya sauti. Yaandike kwenye karatasi. Utayahitaji karibu katika kila sehemu inayofuata.

Faili limekuwa zito kupita kiasi

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Faili la kijana lilikuwa na MB 1,350 kwa sekunde 180. Zidisha kwa 8 upate megabiti 10,800, kisha gawanya kwa 180: kila sekunde inakula megabiti 60. Kwa katuni ya rangi bapa kwenye tovuti, hiyo ni anasa. Megabiti 4 kwa sekunde zingetosha, na faili lingekuwa MB 90. Shika hesabu hii, ni ya kuzidisha na kugawanya tu: kasi ya biti mara sekunde, gawanya kwa 8, umepata ukubwa wa faili.

Usishangae sana uzito wenyewe. Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080, bila kubanwa, ni kama MB 6.2. Kwa fremu 25 kila sekunde ni MB 155, na dakika tatu zinafika GB 28. Kila video uliyowahi kuiona imebanwa. Tunalotafuta ni kujua nini kinakataa kubanika.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida: programu ilichaguliwa mpangilio wa nakala mama. Ukiona kodeki ni ProRes, au PNG ndani ya faili la MOV, hukukosea kuitoa hivyo. Umekosea kumpelekea mtazamaji. Hiyo ni jora. Ihifadhi kwenye diski, kisha ukate MP4 kutoka kwayo.

Sababu ya pili ni bahari.

Kodeki kama H.264 haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukuta wa chokaa wa nyumba ya Mkomani, ukisimama tuli nyuma ya mhusika, unaelezwa mara moja. Baada ya hapo kodeki inasema "ni ule ule" na kuendelea. Lakini kijana alikuwa amechora vimulimuli vya maji kila mahali, kuanzia gatini mpaka Manda, na kila fremu vimulimuli vimehama. Hakuna cha kusema "ni ule ule". Robo tatu ya skrini inabadilika mara 25 kwa sekunde, na kodeki inafanya moja kati ya mawili: inakula biti nyingi, au inavunja picha kuwa vijisanduku.

Huwezi kumwambia mtu wa Lamu asichore bahari. Tulichofanya ni hiki: maji ya mbali yakabaki tuli kabisa, na mng'ao mdogo ukipita mara moja moja. Mawimbi ya kati yakawa mzunguko wa michoro 8, kila mchoro ukikaa fremu mbili. Povu linalobadilika kwa kasi likabaki kwenye omo ya jahazi tu, ambako jicho linatazama. Faili likapungua karibu nusu kabla hatujagusa mpangilio wowote, na picha ikapendeza zaidi, kwa sababu sasa jahazi linaonekana.

Ndugu wa bahari ni chembechembe. Ukirenda, yaani ukiiacha programu itengeneze picha za mwisho, kwa Cycles ndani ya Blender ukiwa na sampuli chache, kila fremu inatoka na vidoa vyake vya nasibu, na kodeki inavichukulia vyote kuwa habari mpya. Washa kiondoa chembe kabla ya kurenda. Hali kadhalika wale wanaopenda kuweka sura ya karatasi juu ya michoro: iache itulie. Ikicheza kila fremu, unalipia biti kwa ajili ya karatasi.

Baada ya kusafisha ndipo unashika mipangilio. Kwa H.264 kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza ubora, kupitia namba inayoitwa CRF. Kawaida ya x264, programu inayobana H.264, ni 23. 18 ni vigumu kuitofautisha na asili. 28 utaanza kuona madhara. Katuni yenye mistari mikali huonyesha uharibifu mapema kuliko video ya kamera, kwa hiyo mimi naanza 20. Ukipanda hatua 6, faili hupungua takriban nusu. HandBrake, programu ya kubana video, ina kitelezi cha namba hii, pamoja na chaguo la "animation" ambalo huifanya kodeki ijali zaidi maeneo bapa na mistari.

Njia ya pili ni kuagiza uzito. Kikundi cha mtaa kilitaka faili lisilozidi MB 15, kwa sababu ya bando za watu. Basi 15 mara 8 ni megabiti 120. Gawanya kwa sekunde 180 upate kilobiti 667 kwa sekunde. Toa 96 za sauti, zinabaki kama 570 za picha. Kwa biti hizo usijaribu 1080. Shuka hadi pikseli 854 kwa 480, na uwashe upitishaji wa mara mbili, ambapo programu inasoma filamu nzima kwanza ndipo igawe biti mahali zinapohitajika. Picha ndogo iliyo safi ni bora kuliko kubwa iliyovunjika.

Watu huniuliza kuhusu VP9 na AV1, kodeki mpya zaidi. Ni kweli zinabana zaidi. AV1, iliyotolewa mwaka 2018, inafanya maajabu kwa rangi bapa. Lakini kuitengeneza kunachukua muda mrefu, na simu nyingi za zamani hazina kifaa cha ndani cha kuisoma, kwa hiyo inasomwa kwa nguvu: simu inachemka, filamu inasuasua. Kwa simu ninazoziona zikipita Usita wa Mui, njia yetu kuu, nabaki na H.264.

Sauti ipo, picha nyeusi. Au faili halifunguki kabisa

MP4 ni pakacha. Ukiona pakacha hujui ndani muna embe au nazi. Watu wawili wanaweza kukupa "faili la MP4", moja likacheza na lingine likakataa, kwa sababu kodeki za ndani ni tofauti.

Tazama karatasi yako. Kama kodeki ni HEVC, yaani H.265, TV na kompyuta za zamani zitakupa sauti bila picha. Toa upya kwa H.264.

Kama kodeki ni H.264 na bado imegoma, angalia mpangilio wa rangi. Hili liliwatesa wengi, na ndilo lililomkuta kijana kwenye TV ya mkahawa. Mwanzoni kabisa alikuwa ameunganisha picha za PNG kwa FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, bila kutaja aina ya pikseli. PNG inabeba rangi kamili kwa kila pikseli, na FFmpeg, kwa uaminifu wake, ikatunza rangi hizo zote kwa mpangilio wa 4:4:4. VLC inausoma. TV, simu nyingi na baadhi ya vivinjari hazijui chochote isipokuwa 4:2:0, mpangilio unaopunguza habari za rangi. Dawa ni maneno mawili kwenye amri: `-pix_fmt yuv420p`.

Ukiongeza hayo, huenda programu ikakataa na kulalamika kuwa upana au urefu haugawanyiki kwa 2. Mpangilio wa 4:2:0 unataka namba shufwa pande zote mbili. Mtu amekata picha yake ikawa 1081, basi haipiti. Kata pikseli moja.

Kwa TV, kagua pia flashi yenyewe. TV nyingi za zamani zinasoma FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi. Nikipewa TV nisiyoijua, natoa 1080 kwa fremu 25, H.264 ya kiwango 4.1, sauti ya AAC, na mara nyingi inakubali.

Kwenye tovuti inachelewa kuanza

Kila faili la MP4 lina orodha ya yaliyomo: fremu gani iko wapi. Programu nyingi huiandika mwisho, kwa sababu mpaka imalize kazi haijui orodha itakuwaje. Kwenye diski haina neno. Kwenye intaneti, kivinjari kinaweza kulazimika kusubiri faili zima lifike ndipo kijue pa kuanzia. Kuihamishia mwanzo hakuhitaji kubana upya:

`ffmpeg -i filamu.mp4 -c copy -movflags +faststart filamu_tovuti.mp4`

Inachukua sekunde chache na ubora haubadiliki hata kidogo. HandBrake ina kisanduku cha kazi hiyo hiyo, kinachotaja kuiandaa kwa ajili ya wavuti.

Kama bado kiduara kinazunguka kwenye iPhone peke yake, shuku seva. Safari, kivinjari cha iPhone, inaomba faili kwa vipande, na seva isiyojua kutoa vipande inaikatisha tamaa. Kama ni faili la WebM, pakacha jingine la video za wavuti, linalopakuliwa badala ya kucheza, seva haijaelezwa kwamba hiyo ni video. Mwenye tovuti anapaswa kuongeza aina ya faili kwenye mipangilio yake.

Filamu inayotakiwa kuanza yenyewe na haianzi: vivinjari vinazuia video yenye sauti kuanza bila mtu kugusa. Kwenye lebo ya video ya HTML ya ukurasa, weka `muted` pamoja na `autoplay`, na kwa iPhone ongeza `playsinline`, la sivyo itachukua skrini nzima. Na tafadhali weka picha ya kwanza kwa `poster`, na `preload` iwe `metadata`. Mtu aliyefungua ukurasa kusoma tu asikatwe bando kwa filamu asiyoitazama.

Ukivuta mbele filamu ikakwama, fremu kamili ziko mbali mbali mno. Kawaida x264 inaruhusu hadi fremu 250 kati ya moja na nyingine, yaani sekunde 10 kwa fremu 25. Weka 50.

Rangi si zile nilizochora

Kuna magonjwa matatu hapa, na yanafanana kwa sura.

Kanzu nyeupe imekuwa ya kijivu, na imo hivyo hata kwenye nakala mama. Kama unatumia Blender, tazama mpangilio wa mwonekano katika sehemu ya rangi. Tangu toleo la 2.80 la mwaka 2019 kawaida yake ilikuwa Filmic, na toka 4.0 la mwaka 2023 ni AgX. Zote zimetengenezwa kwa ajili ya mwanga kama wa kamera, na zinashusha weupe ili usiungue. Kwa katuni ya rangi bapa hazikufai. Chagua Standard na kanzu itarudi nyeupe. Bi mmoja aliyekuwa akichora hadithi ya harusi alitaka kupaka upya mavazi ya watu wote kabla hajaambiwa hili.

Picha nzima imepauka, nyeusi imekuwa ya majivu. Au kinyume chake, vivuli vimezama. Huo ni mgongano wa masafa. Video kwa kawaida inahesabu mwanga kutoka 16 hadi 235, kompyuta kutoka 0 hadi 255. Faili likisema hivi na mchezeshaji akafahamu vile, unapata moja ya hayo mawili. Toa kwa masafa ya video, na hakikisha lebo inasema hivyo.

Nyekundu na kijani zimehama kidogo, lakini nyeupe na nyeusi ziko sawa. Hapo kuna jedwali mbili za kugeuza rangi: BT.601 ya TV za zamani na BT.709 ya picha kubwa. FFmpeg ikigeuza PNG, isipoambiwa hutumia 601, na mchezeshaji akiona picha ya 1080 anadhani ni 709. Amri kamili ninayoitumia kutoka PNG ni hii:

`ffmpeg -framerate 25 -i fremu_%04d.png -i sauti.wav -vf "scale=out_color_matrix=bt709:out_range=tv" -c:v libx264 -crf 20 -preset slow -tune animation -pix_fmt yuv420p -colorspace bt709 -color_primaries bt709 -color_trc bt709 -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart filamu.mp4`

Ndefu, najua. Nimeihifadhi kwenye faili la maandishi na sijaiandika kwa mkono tangu hapo.

Anga limegawanyika mistari, na nakshi zinametameta

Alfajiri ikipanda juu ya Manda, rangi inatoka buluu hadi chungwa taratibu. Ukiichora hivyo na kuitoa, anga linageuka ngazi: mistari mipana inayoonekana waziwazi. Video ya kawaida ina hatua 256 tu kwa kila rangi, na kodeki inalainisha hata hizo. Dawa ni chembe kidogo mno juu ya anga peke yake, kiasi cha kuvunja mpaka wa mistari. Ndiyo, hapo juu nimekukataza chembe. Hizi ni za makusudi, ni chache, na ziko kwenye anga tu. Bado zitakugharimu biti, kwa hiyo kwa nakala ya MB 15 mimi huziacha na kuvumilia mistari. Nani ataiona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka?

Nakshi ni shida nyingine. Kofia ya vito, mlango wa kuchongwa, ukili wa mkeka: vyote vina mistari myembamba iliyokaribiana, na kamera ikisogea vinameta kama vinatetemeka. Mstari ukiwa mwembamba kuliko pikseli mbili, kila fremu unaangukia pikseli tofauti. Chora mistari minene zaidi kwa vitu vya mbali, au lainisha kidogo tabaka hilo kabla ya kutoa. Ukipunguza picha kutoka 1080 hadi 480, nakshi iliyokuwa salama inaweza kuanza kumeta. Itazame kwa ukubwa wa mwisho kabla ya kuisambaza. Baadhi ya milango nimeiondolea maua kabisa kwa nakala ya simu. Mchoraji alinuna siku mbili.

Mwendo unarukaruka

Hesabu fremu za mradi na fremu za faili. Ulichora kwa 24, ukatoa kwa 30: programu inarudia fremu moja katika kila nne, na jahazi linalopita skrini linasitasita kama limegonga fungu. Toa kwa idadi ile ile uliyochorea. Kama unaanza mradi mpya na kuna uwezekano wa TV ya hapa nchini, anza na 25.

Kuchora kwa mbili mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, si kasoro. Ila mandhari ikisogea kila fremu huku mhusika akibadilika kila fremu ya pili, mhusika ataonekana anateleza juu ya ardhi. Hiyo irekebishe kwenye mradi.

Kama inarukaruka kwenye simu moja tu na kwengine ni sawa, simu imezidiwa. Mpe nakala ya pikseli 1280 kwa 720.

Sauti na midomo haviendi pamoja

Kwanza vua spika ya Bluetooth. Nimepoteza asubuhi nzima nikisogeza sauti ya nahodha, kumbe spika ndiyo iliyokuwa ikichelewesha.

Kama tofauti inaanza sifuri na kukua kuelekea mwisho, ni hesabu ya muda. Filamu ya fremu 24 ikichezwa kwa 25 inakwisha sekunde 172.8 badala ya 180. Sauti inabaki nyuma zaidi ya sekunde 7. Hata 24 dhidi ya 23.976 inakupa karibu sekunde 0.18 kwa dakika tatu, nayo inatosha kuharibu midomo. Video za marejeo zilizorekodiwa kwa simu zina tabia mbaya zaidi: idadi ya fremu inapanda na kushuka ndani ya faili moja. Zigeuze kuwa idadi thabiti kwa HandBrake kabla ya kuziingiza kwenye mradi, na sauti zote zigeuze kuwa WAV ya kilohezi 48.

Sauti inayosikika kwenye hedifoni lakini inapotea kwenye spika ya simu ni kisa kingine. Pande mbili za sauti ziko kinyume, na spika moja inapozijumlisha zinafutana. Fungua kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, tenganisha pande, tupa moja.

Mandhari wazi imekuwa nyeusi

H.264 haina uwazi. Nembo au mhusika anayetakiwa kuelea juu ya ukurasa anahitaji WebM ya VP9, na kwa Safari HEVC yenye uwazi. Kwa mhariri mwenzako, mpe mfululizo wa PNG au ProRes 4444. Ukiona uzi mweusi au mweupe kuzunguka mwili wa mhusika, upande mmoja umetoa rangi zikiwa zimeshazidishwa na uwazi na upande mwingine unazisoma kama bado. Badilisha chaguo hilo kwa mpokeaji.

GIF? Ni ya mwaka 1987, ina rangi 256 tu kwa fremu, na muda wake unahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo 24 kamili haiwezekani: 4 ni fremu 25, 5 ni fremu 20. Ukiweka 1, vivinjari vingi vinaifanya 10 na katuni inatembea kama kobe. Kitu kinachojirudia kwenye ukurasa, kiwe MP4 fupi isiyo na sauti.

Walio na kazi za zamani za SWF, yaani faili za Flash: Flash ilikoma kutunzwa tarehe 31 Desemba 2020. Ruffle, programu ya kuchezesha faili hizo, inaweza kuzichezesha nyingi. Ukizitoa kuwa video kutoka mradi wa awali na punda akabaki amesimama huku mandhari inasonga, ni kwa sababu mwendo wake umo ndani ya klipu yenye muda wake yenyewe. Igeuze kuwa alama ya aina ya grafiki.

Maandishi ya Kiarabu yametengana

Beti za utenzi zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, programu nyingine za katuni huweka kila herufi peke yake, tena kutoka kushoto. Usipambane nayo. Andika kwenye Inkscape, herufi zitaungana, kisha ziingize kama picha.

WhatsApp imeiharibu

Ukituma kama video, inabanwa tena. Tuma kama dokyumenti; inafika kama ilivyo, na tangu 2022 kikomo ni GB 2. Lakini kwa kikundi, ile ya MB 15 tuliyoipima itabanwa tena kidogo na bado itasomeka, maana mistari yake ni minene.

Umeme umekatika, faili limekufa

MP4 iliyokatika katikati ya kurenda kwa kawaida haifunguki, kwa sababu ile orodha ya yaliyomo haijaandikwa bado. Saa sita za kazi zimekwenda. Usirende moja kwa moja kuwa video. Renda kuwa PNG, fremu moja faili moja, kisha unganisha kwa ile amri ndefu. Kwenye Blender zima chaguo la kuandika juu ya faili zilizopo, na ukiwasha tena itaruka zilizokwisha.

Filamu ya nahodha ni fremu 4,500. Usiku wa pili taa zilizimika mtaa mzima, laptopu ikashika dakika ishirini halafu nayo ikalala. Asubuhi tulifungua folda. Fremu ya 2,113 ilikuwa imeandikwa nusu, punda hana miguu. Tukaifuta, tukabonyeza kitufe, ikaanza tena na 2,113.